Tupeane uzoefu: kitabu cha ukombozi wa wanawake kilichokukuta pabaya kikakuinua

Binti Makorora
Habari za jioni wapendwa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu vitabu vya enzi zile za harakati za wanawake, miaka ya sitini hadi themanini. Uchambuzi wa darasani tuuache. Sema ulisoma nini na ulikuwa katika hali gani.

Naanza. Nilikuwa edani mama mdogo aliponiletea Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, ameifunga ndani ya kanga. Kwa Kifaransa ilitoka 1979, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika. Ramatoulaye naye yuko edani, miezi minne na siku kumi, anamwandikia shoga yake Aïssatou. Mumewe alimwolea rafiki wa binti yao, akaitelekeza nyumba mpaka kufa. Arobaini ikifika, shemeji mtu, Tamsir, anaingia na kutangaza kuwa atamwoa. Hajauliza, anatangaza! Mama wa watu aliyenyamaza miaka thelathini anamjibu kwamba ana moyo na ana akili, si kitu cha kupokezana.

Nilikuwa kwenye ukurasa huo huo wakati shemeji zangu wako sebuleni wanagawana nyumba, na mimi nikiwemo kwenye mgao. Wakaja kusimama nje ya pazia. Niliwajibu neno kwa neno, na sauti haikutetemeka. Nyumba ile naishi na wanangu mpaka leo.

Mama Kemunto
Pole na hongera, dadangu. Niko Massachusetts, Marekani, natunza wazee. Changu ni Our Bodies, Ourselves, kitabu cha mwili na afya ya mwanamke. Wanawake wa Boston walianza kukutana 1969, kila mmoja akieleza jinsi daktari alivyompuuza, wakaamua kutafuta majibu wenyewe na kuyaandika. Toleo la 1970 lilikuwa la karatasi za gazeti, senti 75. Nilikipata bure, jalada limeng'oka. Kwetu hedhi ilikuwa ya kunong'onezwa. Binti yangu alipovunja ungo tulikifungua mezani jikoni tukasoma kwa sauti.

Wa Kondoa
Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani Muscat. Binti wa tajiri wangu, mwanachuo, aliniazima The Feminine Mystique ya Betty Friedan wa Marekani, 1963. Mwandishi aliwahoji wenzake aliosoma nao chuo cha Smith, akakuta wake wenye nyumba nzuri na watoto wazuri wana dhiki aliyoiita tatizo lisilo na jina. Niliwaonea huruma, kweli kabisa. Dawa yake ni mwanamke atoke akafanye kazi. Lakini kila nikifunua ukurasa najiuliza: huyu mama akienda kazini, watoto anamwachia nani? Si ananiachia mimi! Na wangu je, walioko kwa bibi yao?

Nimesharudi nyumbani, ndipo nikasoma bell hooks, mwandishi mwanamke Mweusi wa Marekani. Mama yake alifanya kazi kwenye nyumba za Wazungu, na mwaka 1984 hooks aliuliza swali langu lile lile mbele ya dunia nzima. Nililia ndani ya daladala, watu wananitazama.

Mzee wa Kihonda
Kaka yenu naruhusiwa? Nawal El Saadawi, daktari wa Misri. Alipoandika kuhusu wanawake na tendo la ndoa, mwaka 1972 wakamwondoa kazini wizarani. Kisha akakutana na mfungwa wa gereza la Qanatir aliyesubiri kunyongwa na kukataa kuomba msamaha, akaandika riwaya kumhusu. 1981 akafungwa mwenyewe humo humo, akaandika kwa wanja wa nyusi kwenye karatasi za chooni. Baada ya kumsoma nilikaa na dada zangu tukaligawa upya shamba la baba. Wao walikuwa hawajapewa hata tuta.

Binti Makorora
Kaka, karibu sana. Mama Kemunto, hicho kitabu kikipata mtu wa kuja nacho Tanga, nakiomba. Wengine endeleeni, nasoma zote.