Naomba ushauri: mazoezi ya likizo na mfuko wa timu ya shule
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa michezo, sekondari ya kutwa huku mkoani Morogoro. UMISSETA iliyopita, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tulitolewa mapema ngazi ya wilaya; vijana walikata pumzi kipindi cha pili, tukala mabao matatu ya harakaharaka.

Safari hii nataka nianze likizo ya Desemba. Shida, nusu ya kikosi wanashinda shambani na wazazi. Nimefikiria jioni mara tatu kwa wiki: kupanda kilima, mbio fupifupi, kisha mpira kidogo. Kwa kijana aliyeshika jembe tangu alfajiri, na pengine hajala mchana, si nitamuumiza?

La pili ni fedha. Tuna mipira miwili, mmoja umevimba ubavuni kama boga. Njumu wanapokezana: anayetoka anavua, anayeingia anavaa, hata zikimbana. Kudai mchango kwa wanafunzi siwezi, tangu elimu bila ada ya 2016 mkuu wa shule hataki hata kusikia neno hilo. Nawaza bonanza la waliosoma hapa zamani, kiingilio kiwe mpira au jezi badala ya hela mkononi.

Kuna aliyewahi kufanya? Kibali mliomba kwa nani, na daftari la mapato alishika nani? Mimi, kusema kweli, sitaki kulishika.