Siku ya sita foleni ya Tunduma mpakani na Zambia, na reli iko hapa pembeni imelala. Hizi hela za kukopa zinaendaga wapi?

Wakuu, habari za asubuhi. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile nyuzi za zamani za foleni, maana leo siongelei foleni peke yake.

Nipo Mpemba, hapa kabla ya Tunduma, siku ya sita. Nimetoka Dar na mzigo wa transit wa Lubumbashi, Kongo, karatasi zote ziko sawa, na tangu Jumanne nimesogea labda kilomita moja na nusu. Semi yenyewe ni moja tu, ya mkopo, naendesha mwenyewe. Mwenye mzigo ananilipa kwa tripu, benki inataka rejesho kila mwezi. Mtu wa hesabu hiyo akilala barabarani siku sita, kilichobaki mfukoni mtakipiga wenyewe.

Usiku hatulali, tunalinda tenki. Juzi jamaa wa mbele yangu kaamka kakuta mfuniko uko chini na kipande cha mpira kinaning'inia, mafuta yote yamenyonywa. Kakaa kwenye ngazi ya kebini, mswaki mkononi, hasemi kitu. Choo tunaenda kwa mama mmoja hapo nyuma, shilingi 500, maji ya kuoga buku. Halafu kuna vijana wanapita na daftari wanadai "hela ya usafi". Kitambulisho hawana, ila usipotoa asubuhi unakuta tairi halina upepo. Utingo wangu ameshaniuliza mara mbili kama arudi kwao na basi.

Sasa kinachoniuma hasa. Hapa pembeni, hata ukirusha jiwe linafika, ipo reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Siku sita nimehesabu treni tatu. Muda mwingine wote ni mbuzi wanapita kwenye mataruma.

Ni kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Mwalimu na Kaunda walizunguka kuomba hela, Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi wakawaambia reli hiyo hailipi. Mchina akatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, na 1976 reli ikakabidhiwa. Yaani zamani zile, nchi mbili maskini zilipata reli nzima. Leo shaba ya Zambia ambayo reli ilijengewa inapita kwenye lami juu ya matairi, na dereva anailinda na rungu.

Najua mtasema uzembe. Uzembe upo, sibishi. Lakini angalieni na hela. TAZARA ni nusu kwa nusu, Tanzania na Zambia. Mnajua shamba la ndugu wawili lilivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzake anunue mbolea. Ukitaka vichwa vya treni lazima hazina mbili zikae pamoja, na vipuri ni dola. 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake za nje (mikopo ya wawekezaji wa nje), ikawa inashinda vikaoni na wadai mpaka 2024. Mtu wa namna hiyo nani anamkopesha vichwa vya treni? Na sisi huku akili yetu yote ilikuwa SGR, ile reli mpya ya umeme. Siioni vibaya SGR, Dar mpaka Dodoma nimeipanda, safi kabisa. Ila ile ni ya kwetu peke yetu, tunakopa wenyewe na utepe tunakata wenyewe. Mkopeshaji anapenda nyumba yenye baba mmoja.

Matokeo yake nchi moja ina geji tatu, yaani upana wa reli kwa milimita: SGR 1,435, TAZARA 1,067, reli ya kati ya zamani 1,000. Haya, ziunganishe.

Bandari nayo. 2017 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 345 kuiboresha bandari ya Dar. Vizuri, meli zishushe haraka. Zikishusha, makontena yanakwenda wapi? Yanakuja huku kwenye barabara ya njia mbili, tunapanda nayo mlima Kitonga tumefuatana kama siafu, tunakuja kukwama Tunduma. Mlango wa mbele umepanuliwa, wa nyuma umebaki dirisha.

Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, upande wa Zambia, kilifunguliwa Oktoba 2019, Magufuli na Lungu walikuwepo. Majengo mazuri, kiyoyozi kipo. Tuliambiwa unasimama mara moja tu, na kweli nimesimama mara moja, tatizo ni kwamba sijaondoka. Juzi ofisi moja, sitaitaja, mtandao ulikata toka saa nne asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyetoka nje kutuambia neno.

Na msinieleze habari ya "serikali haina hela za miundombinu". Kila lita ya dizeli ninayoweka ina tozo ya barabara. Nikiingia Zambia nalipa toligeti moja baada ya nyingine, nikivuka mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa inaanza peaji, toligeti za kwao. Wafadhili wa hii miundombinu ni sisi wenye malori, tena tunalipa keshi.

Wenzetu hawajalala. Kule Angola Wamarekani wameahidi mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Lobito, ili shaba ya Kolwezi, Kongo, itokee Atlantiki. Mwenye mgodi hana undugu na Dar, anaangalia mzigo unafika siku ya ngapi. Ndipo na sisi tukashtuka, Septemba 2025 TAZARA ikasaini na Wachina wa CCECC, dola bilioni 1.4, miaka 30. Sawa. Mimi nataka kuuona huo mkataba. Nauli ya tani anapanga nani? Mzigo usipofika walichotarajia, hasara ni ya nani? Baada ya miaka 30 tunarudishiwa reli au chuma chakavu?

Kuna mtu atanijia hapa, "reli ikifufuka wewe si utakosa kazi?" Mkuu, reli inaishia Kapiri Mposhi. Niachie Kapiri mpaka Lubumbashi, tripu fupi fupi, nilale kwangu. Nani kakwambia naipenda Mpemba?

Kama kuna mdau yuko Nakonde upande wa pili atuambie skana ya kukagua malori inafanya kazi au la, maana huku kila wakala ana hadithi yake.

UPDATE saa 8 mchana: tumesogea malori manne. Treni ya nne imepita, mabehewa matupu.