Kocha wa kwenye skrini akinuna, mgonjwa anajifunza kweli?

BintiTanga: Wakuu, mama alipata kiharusi, mkono wa kushoto mzito. Anafanya mazoezi na programu yenye kocha wa katuni. Kikombe kikimponyoka kocha ananuna, basi mama anakaza bega na kugoma. Nizizime hizo sura?

MtuWaViungo: Pole sana dada. Zima kununa, bakiza tabasamu. Mwaka 2007 watafiti Chiviacowsky na Wulf waliwapa watu vifuko warushe shabahani. Walioelezwa mitupo yao mizuri walijifunza vizuri zaidi kuliko walioelezwa mibaya.

Mzee_Kipanga: Ila tabasamu la kila mara halimfundishi kitu. Kaa naye, mtajie kilichokwenda vizuri: “Mama, kiwiko kimenyooka.” Bega likipanda, apumzike kwanza.

BintiTanga: Asanteni. Kesho naanza hivyo.