Tupeane uzoefu: mbwa mkubwa aliyezoea kujisaidia nje anapoanza kukojoa ndani

Mwanzisha mada, Goba

Habari zenu, ndugu zangu. Mbwa wangu ni jike wa miaka sita, na tangu alipozoeshwa akiwa mdogo hakuwahi kuchafua sebule. Mwezi Februari niliamka alfajiri nikakuta dimbwi la mkojo karibu na mlango, naye amejikunja chini ya meza, masikio ameyalaza. Nilimfokea, na siku mbili zilizofuata nilimfokea tena, nikiamini kwamba ni ukaidi. Siku ya nne nilimfuata uani nikamtazama kwa makini: alichuchumaa, yakatoka matone machache, akasogea hatua mbili, akachuchumaa tena, na tone la mwisho lililodondoka juu ya saruji lilikuwa na wekundu wa damu. Daktari wa mifugo alipima mkojo akakuta maambukizi ya njia ya mkojo, na baada ya kumaliza dozi ya antibayotiki mbwa alirejea katika hali yake ya kawaida. Limeniuma sana, kwa sababu mnyama alikuwa akiugua nami nilimhesabu kuwa mkosaji. Naomba mtueleze wa kwenu walianzaje, na mligundua nini.

Mchangiaji, Tabata

Pole sana, dada. Wangu ni dume la miaka minane, lenye kilo 20, na dalili yake haikuwa matone bali madimbwi makubwa usiku, mkojo mweupe kama maji. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba bakuli la maji lilikuwa tupu kila mara. Daktari alituagiza tumpimie maji kwa jagi lenye alama, akatueleza kwamba mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku amepita kiasi. Kwa wetu kikomo kilikuwa lita mbili, naye alikuwa akimaliza zaidi ya tatu. Kipimo cha damu kilionyesha kisukari, na sasa tunamchoma insulini asubuhi na jioni baada ya chakula. Nawasihi msimnyime mbwa maji ili asikojoe ndani, kwa kuwa mbwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo hunywa sana kufidia maji anayopoteza, na ukimnyima unamdhuru.

Mchangiaji, Kigamboni

Kwetu jike aliyefungwa kizazi alikuwa akiamka na kukuta tandiko limelowa, naye mwenyewe hana habari. Daktari alisema misuli inayofunga kibofu hulegea kwa baadhi ya majike baada ya upasuaji huo, na dawa imemsaidia.

Mchangiaji, Sinza

Wangu alianza wiki ile ile alipopewa prednisoloni kwa ajili ya muwasho wa ngozi. Dawa hiyo huleta kiu na mkojo mwingi. Msiikatishe ghafla wenyewe. Mwulizeni daktari aliyeiandika.

Mchangiaji, Kimara

Wa kwangu alipimwa akaonekana mzima. Ilikuwa masika, ua wote ni tope, na radi ilipopiga juu ya bati alikuwa akitetemeka na kukataa kabisa kuvuka kizingiti. Nilimtengenezea sehemu kavu chini ya upenu, nikawa natoka naye mwenyewe kila baada ya chakula hata kama mvua inanyesha, na baada ya wiki mbili tatizo likaisha. Hata hivyo nakubaliana na waliotangulia: kipimo kwanza, tabia baadaye.

Mwanzisha mada, Goba

Asanteni sana. Niongeze kuhusu usafi: msitumie sabuni zenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na humrudisha mbwa pale pale. Vaeni glavu pia, kwani homa ya leptospira huenezwa kwa mkojo wa panya na mbwa, na binadamu huambukizwa.

Kwa aliyeniuliza faraghani jinsi ya kupata mkojo wa kupimwa: nilifunga upawa safi, mkavu, kwenye fimbo, nikamfuata alfajiri akiwa amefungwa kamba, na alipokwisha kuanza kukojoa nikausogeza taratibu kutoka nyuma. Vijiko viwili vilitosha. Niliumimina kwenye kichupa safi nikaufikisha kwa daktari asubuhi hiyo hiyo.