Maua yanachomoza na jalidi bado ipo: niyafunike au niyaache?

Mgeni wa Leicester

Ndugu zangu, salaam. Tulihamia nyumba hii ya hapa Leicester, Uingereza, mwezi wa Oktoba, na waliokuwamo kabla yetu hawakutuachia neno lolote kuhusu bustani ya nyuma, ambayo wakati ule ilikuwa nyasi ndefu na majani makavu tu. Mimi nimekulia Tanga, ambako mtu hupanda mvua zikikaribia, kwa hiyo sikutazamia kuona kitu kikiota katika ardhi hii baridi kabla ya Aprili. Lakini tangu wiki ya mwisho ya Januari, kando ya uzio yamechomoza majani ya namna mbalimbali: mengine membamba kama nyuzi na yana mstari mweupe katikati, mengine mapana kiasi cha kidole, yana ncha butu na rangi ya kijani iliyoingia kijivu. Chini ya mti wa jirani yamekwisha kufunguka maua meupe madogo yaliyoinamisha vichwa, na jana jua lilipotoka kidogo niliona zambarau katikati ya nyasi.

Nina mambo matatu yananisumbua. Kwanza, utabiri unasema Alhamisi usiku itafika nyuzi 5 chini ya sifuri, nami sijui kama niyafunike. Pili, mama mkwe wangu, ambaye yuko nasi kwa miezi mitatu, amechuma yale majani mapana akiamini ni vitunguu vya majani na akataka kuyatia kwenye supu. Nimemzuia kwa adabu, lakini sina hoja ya kumpa. Tatu, mume wangu anataka kukata nyasi zote mara hali ya hewa itakapotulia. Naomba mwongozo wenu.

Kijana wa Njombe

Dada, mimi ningeyafunika bila kusita. Kwetu Njombe jalidi huunguza viazi kwa usiku mmoja, asubuhi unakuta majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Tandaza nailoni jioni, uiondoe jua likichomoza.

Mikono ya Udongo

Kwa heshima zote kwa ndugu yetu wa Njombe, ushauri wake ni sahihi kwa viazi na si sahihi kwa maua haya. Kiazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini majani yake hayavumilii kuganda. Mimea anayoieleza dada imezoea kuchomoza wakati huu huu, theluji ikiwa bado juu ya ardhi. Nimefanya kazi ya bustani za umma hapa Uingereza kwa miaka mingi, na sijawahi kufunika hata ua moja la aina hii.

Hayo meupe yaliyoinamisha vichwa Waingereza huyaita snodropu, na jina lake la kitaalamu ni *Galanthus nivalis*. Liinue ua moja kwa ncha ya kidole utazame ndani: utaona petali tatu ndefu za nje, na tatu fupi za ndani zenye alama ya kijani mwishoni. Usiku wa Alhamisi yatalala chini kabisa, na Ijumaa asubuhi utadhani yamekufa. Usiyaguse. Baridi inapozidi, maji huhama kutoka ndani ya seli ili yasigande humo na kuzipasua, ndiyo maana bua hulegea. Ardhi ikipata joto maji hurudi na ua husimama tena. Nailoni itakayoyagusa itayavunja mabua bure.

Sasa suala la mama, ambalo ndilo la haraka kuliko yote. Majani mapana yenye ncha butu, kwa maelezo yako, ni ya dafodili, lile ua la manjano la hapa Uingereza, na dafodili ni sumu tangu tunguu la ardhini hadi ua. Ina kemikali iitwayo likorini, inayoleta kutapika kwa nguvu na maumivu ya tumbo. Mama asione aibu hata kidogo, kwa kuwa kosa hili wenyeji wenyewe hulifanya. Mwaka 2009 wanafunzi wa shule moja ya msingi huko Suffolk waliugua baada ya tunguu la dafodili kuchanganyika na vitunguu katika supu waliyoipika darasani, na Februari 2015 idara ya afya ya umma iliyaandikia maduka makubwa ikiyataka yaweke dafodili mbali na mboga na matunda. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Hoja ya kumpa mama ni pua yake mwenyewe: jani la kitunguu ukilifikicha linanukia kitunguu papo hapo, ila hili litanukia nyasi mbichi tu. Afikiche akiwa amevaa glavu, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi. Ajabu yake ni kwamba katika ukoo huu huu wa snodropu na dafodili ndimo ilimopatikana galantamini, dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na huko Wales wapo wakulima wanaolima dafodili kwa ajili hiyo.

Kuhusu nyasi, mwambie bwana asubiri, na asubiri sana. Tunguu ni ghala: chakula kilichosukuma ua la mwaka huu kiliwekwa humo na majani ya mwaka jana, na ua la mwakani litategemea majani unayoyaona leo. Ua likishanyauka, likate hilo peke yake ili mmea usihangaike kutengeneza mbegu, kisha majani uyaache kwa wiki sita angalau, mpaka yawe manjano na kujilaza yenyewe. Yatachukiza macho, nakiri. Wako watu wanaoyafunga fundo au kuyasuka kama nywele ili bustani ionekane nadhifu, jambo ambalo naliona halina maana, kwa kuwa jani lililokunjwa halipati jua. Bustani nyingi ninazoitwa kuzitazama, zenye dafodili za majani matupu zisizotoa ua, zimeharibiwa na mashine ya kukatia nyasi iliyopita mwezi wa Aprili. Nyingine ni matunguu yaliyosongamana kwa miaka, nayo dawa yake ni kuyafukua majani yakishakauka, kuyatenganisha na kuyapanda upya katika shimo lenye kina mara mbili au tatu ya urefu wa tunguu.

Snodropu ndizo zenye desturi yake. Ukitaka kuzieneza, usingoje zikauke: zing'oe kwa uma wa bustani mara tu maua yanapokwisha, majani yakiwa bado mabichi, ugawe fungu uzipande siku hiyo hiyo. Tunguu lake ni dogo, likikaa nje hunyauka haraka.

Mwana wa Ng'ambo, Unguja

Nimesoma nikasisimka. Hayo ya zambarau kwenye nyasi, ukiyafungua ndani kuna nyuzi za rangi ya chungwa? Kama ndivyo, dada, si umekalia zafarani? Huku kijichupa cha gramu moja kwa ajili ya biriani kinatutoa jasho. Na je, matunguu machache yakiletwa huku yataota?

Mikono ya Udongo

Ndugu yangu, umekaribia lakini hujafika. Ni krokasi, ndugu wa zafarani, ila zafarani yenyewe ni *Crocus sativus*, ambayo huchanua Oktoba na Novemba, na nyuzi zake tatu ni nyekundu iliyoiva, ndefu hata zinaning'inia nje ya petali. Krokasi ya Februari haina ladha ya kutafutwa, na haifai kuliwa. Hapa Uingereza zafarani ililimwa zamani hadi mji wa Saffron Walden, kule Essex, ukapata jina lake kwayo. Kuhusu bei usiwalaumu wauzaji: gramu moja kavu huhitaji maua kama 150, na kila ua huchumwa kwa mkono.

Kuyaleta Unguja nisingekushauri. Mbali na vibali vya afya ya mimea, mengi ya matunguu haya hayatoi ua mpaka yapitiwe na majuma mengi ya baridi. Wakulima wa nchi za joto huziweka tulipu, maua mengine ya matunguu, kwenye friji kwa wiki 12 hadi 16 ndipo huzipanda, na hata humo lazima zitengwe na matunda, kwa sababu tunda linaloiva hutoa gesi inayoua kichipukizi cha ua ndani ya tunguu. Ukifanikiwa utapata maua ya msimu mmoja, basi. Tafuta badala yake lile ua letu jekundu la duara, lenye nyuzi nyingi kama mpira wa manyoya, linalotoka ardhini mvua zinapoanza. Kitaalamu ni *Scadoxus multiflorus*. Nalo lina sumu, lakini halidai friji.

Mgeni wa Leicester

Nimerudi kuwapa habari. Ijumaa saa moja asubuhi nilitoka na koti juu ya khanga, nikazikuta snodropu zote zimelala, majani yamepakwa ukungu mweupe mgumu unaokwaruza kidole. Nusura nichemshe maji. Nikajizuia, nikaenda kazini, na niliporudi mchana wa saa nane zilikuwa zimesimama kana kwamba hakuna lililotokea, isipokuwa tatu ambazo nadhani paka alizipitia. Krokasi zilikuwa zimejifunga kama miavuli hadi jua lilipozifikia. Ndani ya moja nilimkuta nyuki mkubwa mwenye manyoya, amejaa chavua ya manjano hadi magotini.

Mama mkwe amefikicha jani, amenusa mara mbili, kisha akasema, "Hiki si kitunguu, mwanangu, hiki ni mnafiki." Amepanda vitunguu vyake vya majani ndani ya chungu kilichoko dirishani mwa jikoni, mbali na uzio. Na mume wangu amechomeka vijiti kuzunguka kila fungu la majani, akairudisha mashine bandani. Ameuliza tu kama kipande cha mbele, ambacho hakina hata tunguu moja, anaweza kukikata.

Mikono ya Udongo

Akikate, lakini kwanza achunguze kwa mkono. Mara nyingi kindi huwa wamehamisha krokasi bila kumwambia mwenye nyumba.