Naomba ushauri: nichunguze vipi miondoko ya kazi bila kuwatia watu hofu?

Wakuu, habari zenu. Nasimamia sehemu ya ufungashaji. Kwa macho tu naona nguvu zinavyopotea: mtu anainama kuchukua boksi sakafuni, anageuka kuliweka mezani, anafuata selotepu upande wa pili, akirudi mkasi hauonekani. Si uvivu, ni mpangilio mbovu.

Nimesoma habari za Frank Gilbreth wa Marekani, aliyechunguza waashi. Alipunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi kama 5, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, fundi asiwe anainama kila mara. Hapo ndipo aliponikosha: alianza na jukwaa, si kumkimbiza fundi.

Shida yangu ni upimaji. Nikitoa simu nirekodi, au saa ya kuhesabu sekunde, minong'ono ya kupunguzwa kazi itaanza hapo hapo. Siwalaumu. Mwaka 1911 mafundi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waligoma kwa kupinga kupimwa na saa.

Waliowahi kufanya hili, mlianza na video au mlichora tu njia anazopita mtu? Niwaachie wenyewe wapange meza kwanza ndipo nipime? Na muda ukiokolewa niwaahidi nini, maana bosi (namjua) atataka tu maboksi yaongezeke?