Tupeane uzoefu: siku wakaguzi walipokuja wote kwa pamoja kazini kwako (Mtwara na Lindi)

Mwana wa Ligula

Habari zenu ndugu zangu wa kusini. Msimu wa korosho unakaribia, vibarua wataanza kuitwa viwandani na maghalani, kwa hiyo naomba tulizungumze hili mapema. Nimefanya kazi bandarini, nikafanya maghalani. Zamani afisa kazi alikuja siku yake, OSHA, wale wa usalama na afya kazini, siku yao, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, siku yao, na watu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, siku yao. Safari ya mwisho niliwaona wote wanashuka gari moja. Naamini hilo linamsaidia mfanyakazi, ila kwa sharti moja: mkaguzi azungumze na kibarua mwenyewe, pembeni, bosi asiwepo. Tuelezane yaliyotukuta. Majina ya kampuni tuyaache, wengine kesi zao bado ziko mezani.

Binti Chikongola

Nimebangua korosho miaka miwili na miezi miwili. Wanaoijua kazi hii wanayajua mafuta ya ganda. Yanababua. Asubuhi unajipaka mafuta ya nyonyo au majivu, kufika saa nne yameshaisha. Ukivaa glavu unachelewa, na malipo ni kwa kilo ya korosho nzima, vipande vina bei yake ya chini. Kwa hiyo tunavua. Kidole gumba na cha shahada vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Jioni ukigusa mboga yenye pilipili, unalia. Nilipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilinikataa mara tatu. Kijana wa pale akaniambia, "Dada, huna alama."

Mara ya kwanza walikuja OSHA peke yao, na habari ilitangulia. Vibarua tukatolewa kwa geti la nyuma, tukakaa chini ya mwembe mpaka saa nane mchana. Siku hiyo hatukulipwa. Waliobaki ndani walipewa glavu mpya, na jioni glavu zikakusanywa.

Mara ya pili hakuna aliyejua. Walikuja wanne wakagawana, mmoja akaenda ofisini, watatu wakaja kwetu. Dada wa OSHA alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akakaa kimya. Wa NSSF akaniuliza namba ya uanachama. Nikamwambia sina, ila nakatwa kila mwezi. Akalitafuta jina langu kwenye orodha yake, halimo. Afisa kazi akauliza mkataba wangu uko wapi, nikamjibu sijawahi kuuona. Vidole, michango na mkataba vikaandikwa siku moja, mimi nimesimama palepale. Ingekuwa zamani, wa OSHA angeandika habari za glavu akaenda zake, maana michango si kazi yake.

Sasa tuna mikataba ya maandishi. Michango ya nyuma mwajiri anailipa kidogo kidogo. Mimi nimeona imeingia miezi 14 kati ya 26. Nafuatilia.

Karani wa Masasi

Niseme ukweli wangu, na unaniuma. Nilikuwa karani wa ghala, na madaftari ya mahudhurio niliyashika mimi. Yalikuwa mawili. NSSF wakija wanaonyeshwa la watu 11 wa kudumu. OSHA wakija wanaonyeshwa lile refu, kwa sababu wao wanapita ghalani na watu wanawaona kwa macho. Miaka mitatu hakuna aliyeshtuka, kwani kila ofisi iliondoka na karatasi yake.

Siku waliyokaa meza moja, dakika kumi hazikuisha. Afisa kazi hakumuuliza bosi, aliniuliza mimi: "Hawa 43 wengine ni akina nani?" Nikawataja mmoja mmoja.

Wiki ileile nikaachishwa. Nikawahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, maana ukizipitisha unaanza kwanza kuomba kusamehewa ucheleweshaji. Kumjibu afisa kazi alichouliza si sababu halali ya kufukuzwa. Tukasuluhishwa, nikalipwa. Lakini mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini. Kibarua ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo hana ile kinga ya kuachishwa isivyo haki, na msimu wetu unaisha kabla ya miezi sita. Mwenzetu wa namna hiyo akizungumza na mkaguzi leo, kesho anaambiwa kazi imekwisha, na hana pa kushika. Wakubwa wanaopanga kaguzi hizi walitazame hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Mlinzi wa Usiku, Lindi mjini

Mimi naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, siku saba. Ni saa 84 kwa wiki, wakati saa za kawaida kisheria ni 45. Nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku nimeisikia mwaka huu, tena kwa jirani. Wakaguzi walikuja saa tano asubuhi, sisi tumelala majumbani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamruhusu afisa kazi kuingia bila kutoa taarifa. Basi waje saa nne usiku, watatukuta getini.

Mama Gesti, Mikindani

Na mimi mwajiri mdogo mnisikilize. Nina wafanyakazi saba. Walipokuwa wanakuja mmoja mmoja, kila wiki natafuta faili lilelile kwa mtu mwingine, na gesti imejaa wageni. Walipokuja pamoja tulimaliza asubuhi moja. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Nilikuwa nawakata, kwa ushauri wa aliyekuwa ananiandikia hesabu. Nikawaita jikoni, nikawarudishia na kuwaomba radhi.

Mchumvi wa Kilwa

Huku mashamba ya chumvi sijamwona mkaguzi yeyote. Miguu inachanika, na buti tunanunua wenyewe. Tupo 18. Tuanzie wapi?

Mwana wa Ligula

Ndugu yangu, anzeni kwa afisa kazi, ofisi yake iko Lindi mjini. Andikeni barua moja, mweke sahihi wote 18, asionekane mtu mmoja. Andikeni saa mnazofanya, malipo, buti na michango, halafu ombeni waje na OSHA, NSSF na WCF siku moja. Msisubiri ofisi moja iite nyingine, nakala pelekeni ninyi wenyewe kila ofisi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mchumvi wa Kilwa

Nimeelewa, kaka. Jumatatu naipanda Hiace. Dada Binti, vile vidole vimerudi?

Binti Chikongola

Cha kulia kilisoma kwenye mashine mwezi uliopita. Cha kushoto bado.